Seli tupu sio sifuri, jamani

Wiki hii nimetumiwa tena faili la Excel na meseji ileile: data iko safi kabisa, wewe iingize tu kwenye dashibodi (ule ukurasa wa grafu na jumla), na zile seli zilizokuwa tupu tumeshazijaza sifuri ili zisikusumbue. Hicho kipande cha mwisho ndicho kimenifanya nikae niandike, maana mwaka huu ni mara ya nne na kila mara anayenitumia ni mtu makini, kakesha na lile faili akiamini ananisaidia.

Tuelewane kwanza kuhusu hilo neno safi. Jedwali linalopendeza limetengenezwa lisomwe na mtu: kichwa kikubwa juu, seli zimeunganishwa, miezi imepangwa kwenda kulia, katikati kuna jumla ya kila kata imepakwa njano. Mtu anaelewa, Power BI, programu ninayotengenezea dashibodi, haielewi, yenyewe inataka mstari mmoja ubebe taarifa moja na kolamu moja ibebe kitu kimoja, basi. Mfano, mauzo ya vioski 23 vya maji kwa miezi 12 ni mistari 276, sio mistari 23 yenye kolamu 12, na ile mistari ya njano itoe kabla hujaanza la sivyo kila uniti inahesabiwa mara mbili. Kugeuza kwenyewe ni dakika moja, ndani ya Power Query, sehemu ya Power BI ya kuandalia data, unachagua kolamu za miezi unabonyeza Unpivot, sirefushi hapo.

Ila hapohapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu Unpivot ikikuta seli tupu inautupa ule mstari mzima kimyakimya. Ulitegemea 276 unapata 251, watu wanashtuka, wanarudi kwenye shiti wanajaza 0 kila mahali, mistari inatimia 276 na kila mtu anafurahi. Mimi ndio nachoka hapo.

Chukua kioski kimoja. Machi kimeuza uniti 120, Aprili seli tupu, Mei uniti 60. Ukiacha tupu, wastani ni 90, maana Excel yenyewe hairuki sifuri lakini inaruka tupu. Ukiandika 0 wastani unashuka mpaka 60. Namba zilezile, kioski kilekile, ila sasa kimeonekana kimeuza theluthi moja pungufu na hakuna aliyedanganya. Sifuri maana yake mtu alienda akasoma mita akakuta haijasogea, pengine pampu imekufa au bomba limepasuka, na hiyo ni habari nzito, fundi aende leo. Tupu maana yake hatujui. Ukivichanganya hivi viwili fundi anatumwa kwenye pampu nzima, na ile iliyokufa kweli inajificha katikati ya sifuri za uongo.

Na wanaoumia ni watu. Kwenye mradi mmoja niliofanya, dashibodi ilionyesha kioski kimoja kiko mkiani, miezi minne mfululizo 0, na kikao kilishakaa kujadili kumtoa mama anayekihudumia. Nikaomba lile faili la mwanzo kabisa kabla ya kusafishwa, nikakuta zile seli zilikuwa tupu. Nikampigia simu yule mama. Alikuwa anaandika kwenye daftari kila jioni, tarehe, mita ya asubuhi, mita ya jioni, hela, na daftari alikuwa analipeleka kila mwisho wa mwezi, aliyehamishwa ni yule kijana wa kuingiza kwenye kompyuta na nafasi yake haikuwa na mtu. Miezi minne ya kazi ya mtu imegeuzwa sifuri na kidole kimoja kilichobonyeza Replace All. Tangu siku ile sikubali faili lililosafishwa kama sijapewa na lile chafu.

Mengine nayapitia haraka. Tarehe: kompyuta ikiwa na mpangilio wa Marekani, ukiandika 05/04/2024 inaelewa Mei 4, ila 13/04/2024 inashindwa kwa sababu hakuna mwezi wa 13, kwa hiyo inabaki maandishi. Angalia kolamu yako vizuri, zilizolala kushoto ni maandishi, na zile zilizolala kulia zinazoonekana nzima ndizo za kuogopa, siku na mwezi vimeshabadilishana. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na Excel inatunza 15 tu, ukiiandika kama namba zile 5 za mwisho zinageuka sifuri na hazirudi hata ufanye nini, kwa hiyo fanya kolamu kuwa Text kabla ya kuandika, sio baada. Sifuri ya mbele kwenye namba za simu nayo inapotea hivyohivyo. Majina nayo, Dar, DSM, Dar es Salaam na Dar es Salaam yenye nafasi tupu mwanzoni ni mikoa minne kwa dashibodi.

Mikoa yenyewe hunipa wasiwasi ambao sijaumaliza. Songwe imemegwa kutoka Mbeya 2016, kwa hiyo data ya wilaya ya Mbozi ya 2014 iko chini ya Mbeya. Ukiacha kama ilivyoandikwa, grafu ya Mbeya inaporomoka ghafla 2016 na mtu atauliza kulitokea balaa gani. Ukirudisha nyuma ukaiweka Mbozi chini ya Songwe toka 2014 grafu inatulia, ila hailingani tena na ripoti zilizosainiwa miaka ile. Huwa naweka kolamu mbili, mkoa wa wakati ule na mkoa wa sasa, na bado kila mradi tunabishana itumike ipi.

Kwa zile tupu ninachofanya ni hiki: natengeneza orodha kamili ya kila kioski na kila mwezi, naiunganisha na data iliyokuja, halafu naongeza kolamu ya hali yenye maneno matatu tu, kimeripoti, hakijaripoti, kimefungwa. Kolamu ya uniti inabaki tupu pale ambapo ni tupu. Watu wananishauri nikadirie kwa wastani wa miezi ya jirani, na kuna siku nimefanya, ila kiangazi na masika mauzo ya maji hayafanani hata kidogo, kwa hiyo sijawahi kulala vizuri na makadirio yale.

Halafu pembeni ya jumla ya mwezi naandika 17/23, yaani vioski 17 ndio vimeripoti. Mabosi wawili wameshaniomba niitoe, eti inachafua muonekano na wafadhili watauliza. Sijaitoa, na hilo faili la wiki hii nimelirudisha nikaomba na la kabla ya sifuri.