U-boti ni nini hasa? Na ile iliyoishia ufukweni Somalia

Wengi wakisikia U-boti wanajua ni nyambizi ya Mjerumani, basi, imeisha. Sio kosa, ila haitoshi, maana ukiifikiria kama zile nyambizi za nyuklia za siku hizi zinazokaa chini ya maji miezi mizima, hutoelewa kwanini kepteni wa U-boti akiona ndege kwa mbali moyo ulikuwa unamruka, wala hutoelewa ilikuwaje moja yao ikaja kupanda mchanga pwani ya Somalia mwaka 1944.

Tuanze na jina. U ni kifupi cha Unterseeboot, yaani chombo cha chini ya bahari. Kwa Mjerumani mwenyewe nyambizi yoyote ni U-Boot, iwe ya Mmarekani iwe ya Mjapani, ila sisi wengine tukisema U-boti tunamaanisha zile za kwao za vita kuu ya kwanza na ya pili. Hazikuwa na majina ya kifahari kama manowari zingine, ni U halafu namba, U-156, U-852, kama namba za gari vile.

Sasa penyewe ni hapa. U-boti ilikuwa meli ya juu tu iliyojua kupiga mbizi. Injini yake ni dizeli na dizeli inataka hewa kama ya lori, kwahiyo ukizama unazima dizeli unahamia kwenye mota za umeme zinazokula betri, betri ikishuka huna ujanja lazima urudi juu uwashe dizeli uchaji. Ni kama simu tu, ila chaja umeiacha juu ambako adui anakusubiri. Chukua hiyo U-852, ilikuwa aina ya IXD2, jitu la karibu mita 88 lililotengenezwa Bremen kwa ajili ya safari ndefu za mpaka bahari ya Hindi. Juu ya maji inakimbia noti 19 hivi, yaani maili 19 za baharini kwa saa. Chini haifiki hata 7, na ukijibana uende noti 4 betri zinakupeleka maili 57 za baharini, kama kilomita 105. Yaani Dar hadi Unguja unafika, kurudi hufiki. Kuanzia 1944 nyingi zikaanza kufungwa bomba la kupumulia linalochungulia juu ili dizeli ifanye kazi chombo kikiwa kimezama kidogo, lakini muda huo ndege zenye rada zilikuwa zimeshazimaliza sana, karibu robo tatu ya waliotumikia kwenye U-boti vita ya pili hawakurudi makwao.

Kingine, ukiwa kwenye U-boti huoni mbali maana iko chini chini sana kwenye maji. Hawa wa safari ndefu wakapewa kidude cha ajabu kinaitwa Bachstelze, kama helikopta ndogo isiyo na injini, anakaa mtu mmoja, inafungwa kamba na nyambizi inaivuta kwa kasi mpaka inapaa kama tiara, jamaa anaangalia huku na huku na darubini. Ndege ya adui ikitokea ghafla, sijui huyo wa juu alikuwa anajisikiaje wenzake wakitaka kuzama! U-852 ilikuwa nayo moja.

Hiyo U-852 iliondoka Kiel Januari 1944 chini ya Heinz-Wilhelm Eck, inaelekea mashariki ya mbali kujiunga na wenzao wa kundi la Monsun, yaani nyambizi za Kijerumani zilizokuwa zinawinda bahari ya Hindi. Usiku wa tarehe 13 Machi ikiwa Atlantiki ya kusini ikaipiga kwa topedo meli ya Wagiriki, Peleus, iliyokuwa imetoka Freetown, ikazama dakika chache tu. Manusura wakawa wanaelea wameshikilia maboya na vichanja. Eck akaona mabaki yale asubuhi ndege za doria zitayaona na zikishayaona zitajua kuna nyambizi hapa, na yeye safari bado ndefu na sehemu kubwa lazima aende juu ya maji. Akaamuru vichanja vipigwe risasi. Masaa kama matano hivi, bunduki na mabomu ya mkono, na watu wakiwa juu yake. Vichanja vingine vikagoma kuzama. Wakaondoka usiku huo huo hawajamaliza. Mabaharia watatu waliokolewa na meli ya Wareno zaidi ya mwezi mmoja baadaye, wakasimulia yote.

Eck akaendelea, akazamisha meli nyingine ya Waingereza karibu na rasi ya kusini mwa Afrika, akapandisha na bahari ya Hindi. Tarehe 2 Mei, karibu na pembe ya Somalia, alfajiri iko juu, ndege ya kivita ya Waingereza aina ya Wellington kutoka Aden ikaikuta. Mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji, yakaiumiza vibaya, ikazama ikashindwa kukaa chini, ikarudi juu na huko juu ndege zinakuja moja baada ya nyingine. Siku ya pili Eck akaipandisha ufukweni Bandar Beyla, wakajaribu kuilipua. Saba walikufa, 59 wakakamatwa na wanamaji wa Uingereza pamoja na askari wa Somaliland Camel Corps, ndio, kikosi cha ngamia kimekamata mabaharia wa nyambizi. Waingereza wakaipata ile Bachstelze, na wakalipata daftari la safari ambalo Eck hakuliharibu, linaonyesha alikuwa eneo lile lile Peleus ilipozama. Mtu aliyepoteza masaa mazima kufuta ushahidi kaacha karatasi ndani.

Oktoba 1945 wakasimamishwa watano mbele ya mahakama ya kijeshi ya Uingereza mjini Hamburg. Eck alijitetea kwamba alikuwa anaokoa chombo chake na watu wake, wengine wakasema tulitii amri, hazikukubaliwa zote mbili. Injinia Hans Lenz, ambaye mwanzo aliipinga amri ile, akapata kifungo cha maisha, baharia mmoja miaka 15. Eck, afisa August Hoffmann na Walter Weisspfennig walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Huyo Weisspfennig alikuwa daktari wa meli, yaani kwa sheria za vita hakutakiwa hata kushiriki mashambulizi. Na katika makepteni wote wa U-boti wa vita ile, Eck peke yake ndo aliuawa kwa hukumu ya uhalifu wa kivita alioufanya akiwa baharini.