Bekari za Paris: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dada yangu anaishi Montreuil, mji uliopakana na Paris upande wa mashariki, na kutoka mlangoni kwake hadi bekari ni mwendo wa dakika mbili. Kila ninapomtembelea, kazi ya kununua mkate asubuhi inakuwa yangu. Naipenda kazi hiyo kuliko kwenda kuuangalia mnara wa Eiffel. Ila nikirudi Tanga nasikia mambo ya ajabu kuhusu bekari hizo, na nasikia hayo hayo kwa ndugu zetu wanaopita Paris siku tatu kisha wakarudi nyumbani bila kuonja mkate wa maana. Jambo hili linaniuma, kwa sababu waliukosa mkate mzuri kwa kuamini maneno tu. Ndiyo maana naandika.

“Pale ni pa wenye nazo”

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Dirisha la bekari linang'aa, keki za matunda zimepangwa kama vito kwa sonara, basi mgeni anaangalia, anapiga hesabu ya pesa zake, anapita. Angeingia angekuta foleni ya kawaida kabisa: fundi ujenzi mwenye viatu vya saruji, bibi na kikapu chake, mwanafunzi, mama anayesukuma kigari cha mtoto. Wengi wao wanataka kitu kimoja, bageti, ule mkate mrefu mwembamba wa gramu 250 hivi. Wasomaji wa Bujumbura, Goma na Moroni wanaujua tangu utotoni. Bei yake inazunguka yuro moja na senti kidogo. Kilicho ghali ni zile keki za dirishani.

Kule mkate ni riziki ya kila siku, na kwa miaka mingi serikali haikuthubutu kuuacha upande bei ovyo. Bei yake haikuachiwa soko moja kwa moja hadi 1987. Watoto wanatumwa mkate kama sisi tulivyotumwa boflo dukani, na wakifika nyumbani ncha moja imeshaliwa njiani. Wakubwa nao wanaila. Ncha hiyo ina jina lake, quignon, na hakuna anayegombezwa.

“Wauzaji wa kule ni wakali”

Siku yangu ya kwanza nilikuwa tayari nimenyoosha kidole kuelekea mkate niliotaka, dada akanishika mkono. “Salimu kwanza, mdogo wangu.” Hilo tu. Ukiingia sema bonjour kabla ya neno lolote jingine, na ukitoka aga. Asiyesalimu anahesabiwa kuwa mtu asiye na adabu, na anahudumiwa hivyo. Sisi tuliolelewa kwa hodi na shikamoo hatuna sababu ya kushindwa na hili.

“Duka lolote lenye mikate ni bekari”

Hapa Wafaransa wenyewe wanachanganyikiwa. Tangu 1998 sheria ya Ufaransa inalilinda neno boulangerie, yaani bekari, lililoandikwa juu ya mlango. Mwenye duka haruhusiwi kujiita hivyo ila kama unga unakandwa, unaumuliwa, unafinyangwa na kuokwa pale pale mkate unapouzwa, na hakuna hatua yoyote ambapo donge au mkate umegandishwa kwenye friza. Duka linaloletewa madonge yaliyoganda kutoka kiwandani na kuyapasha tu linaweza kuuza mkate, lakini neno hilo haliruhusiwi kuliandika. Kwa hiyo kabla ya kuangalia dirisha, inua macho usome kibao.

Lakini sheria hiyo inazungumzia mkate. Kroasanti na vitafunwa vingine vya siagi haivihusu. Bekari inaweza kuoka mkate wake kwa mikono yake na bado ikauza kroasanti zilizokuja zimeganda kutoka kiwandani, na zinazofanya hivyo si chache. Uliza kama ni maison, yaani zimetengenezwa hapo hapo. Mwokaji anayezitengeneza mwenyewe anapenda kuulizwa swali hilo.

“Bageti ni bageti”

Hapana. Ukisema “bageti” tu, utapewa ile ya kawaida, nyeupe na laini ndani, ambayo kufikia jioni inakuwa kama kamba. Sema une tradition. Hiyo ina amri yake ya serikali ya tarehe 13 Septemba 1993: unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira au chachu. Kuna watu wanaotangaza kwamba haina kingine hata chembe, na hapo wanapitiliza kidogo, kwani amri inaruhusu unga wa aina fulani ya maharage usiozidi asilimia 2, unga wa soya asilimia 0.5 na kimea asilimia 0.3. Viongezi vya kemikali vimepigwa marufuku, na kugandisha kumepigwa marufuku. Tofauti ya bei na ile ya kawaida ni senti kadhaa. Tofauti ya ladha siwezi kuipimia senti.

Bekari ya mtaa wa dada ina kidirisha usawa wa miguu, kinachotazama chumba cha chini ya ardhi ambako ndiko kuna tanuri. Asubuhi moja ya Februari, kabla hakujapambazuka, nilichuchumaa pale nikaangalia. Madonge marefu yalikuwa yamelala juu ya kitambaa cha kitani kilichokunjwa mawimbi mawimbi ili yasigusane. Mwokaji aliyabingirisha moja moja juu ya ubao mwembamba, akachukua kiwembe kilichochomekwa kwenye kijiti, akachanja chale za mshazari, tano kwa kila mkate, kwa kasi ambayo macho yangu hayakuifuata. Chale hizo si pambo. Gesi ndani ya donge ikipata moto inatanuka, na mkate lazima upasuke mahali fulani, kwa hiyo mwokaji ndiye anayechagua upasuke wapi. Akasukuma mikate ndani, akafungulia mvuke, nikausikia ukifoka. Mvuke unalifanya ganda libaki laini kwa dakika za mwanzo ili mkate uwahi kufura. Baada ya dakika ishirini na kitu akaitoa, na mikate ikaanza kutatarika kwa jinsi ganda linavyopoa na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Waokaji wa kule wanasema mkate unaimba. Mimi nimeusikia kwa masikio yangu kupitia kioo, na tangu siku hiyo siwezi kuuita ule “mkate tu”.

“Mkate mweusi umeungua”

Mgeni anachagua uliopauka kabisa, kwa kudhani ndio mzuri. Ganda la kahawia iliyokolea, karibu na rangi ya mbegu za kahawa mahali mahali, ndiko iliko ladha, kwa sababu sukari na protini za unga zimekutana na moto mkali vya kutosha. Hata hivyo hakuna sheria hapa. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alisema pas trop cuite, isiyoiva sana, na muuzaji akamchagulia bila kunung'unika. Ukitaka iliyokolea sema bien cuite. Kila mmoja anaondoka na wake.

“Mkate wa hamira ni wa uongo, halisi ni wa chachu peke yake”

Mtindo wa miaka hii umewafanya watu wadharau hamira. Ukweli ni kwamba bageti nyingi nzuri za Paris zinaumuliwa kwa hamira, na sheria inaitambua. Kinachopambanua mkate mzuri na mbovu ni muda. Hamira kidogo na saa nyingi, mara nyingi usiku kucha mahali pa baridi, vinatoa harufu ambayo hamira nyingi na saa moja haviwezi kutoa. Hata mahamri yetu yanajua hivyo, ya haraka haraka yananuka hamira.

Chachu ni kitu kingine, nacho ni kizuri kwa namna yake. Ni unga na maji vilivyoachwa mpaka hamira za asili na bakteria wa uchachu wakaota humo, kisha ikalishwa unga mpya siku baada ya siku. Wazee wetu wa pwani walioumulia vitumbua kwa tembo la mnazi wangeielewa bila kuelezwa. Mkate wake ni mzito, una ukali wa mbali, na unakaa siku nyingi. Ukitaka kuuonja kwenye chimbuko lake, nenda Poilâne, barabara ya Cherche-Midi, duka lililofunguliwa 1932. Mkate wao wa duara una uzito wa karibu kilo mbili, na unaweza kukatiwa robo.

Tafadhali lishike na hili: mkate wa chachu una gluteni, ile protini ya ngano. Uchachu unaipunguza kidogo, hauiondoi. Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni inamdhuru, asidanganywe kuula.

“Kroasanti iliokwa kuwakejeli Waislamu”

Nimekutana na Waislamu wenzangu waliokataa kuigusa kwa kisa hiki. Inasemwa kwamba mwaka 1683, Waturuki walipoizingira Vienna, waokaji waliokuwa macho usiku waliwasikia wakichimba mahandaki, wakatoa taarifa, mji ukaokoka, nao wakaoka mkate wa umbo la hilali ili kumtafuna adui. Mzingiro ulikuwepo kweli. Lakini mkate wa umbo hilo, kipferl, ulikuwa ukiliwa Austria tangu karne nyingi kabla, na kisa chenyewe kilikuja kusimuliwa baadaye sana. Kilichouleta Paris ni biashara. August Zang, aliyewahi kuwa ofisa wa mizinga wa Austria, alifungua bekari ya mtindo wa Vienna barabara ya Richelieu mwishoni mwa miaka ya 1830, Waparisi wakaishangilia na wenzake wakaiga. Ndiyo sababu hadi leo vitafunwa vya aina hiyo vinaitwa viennoiserie, vitu vya Vienna. Kuukunja unga na siagi tabaka juu ya tabaka, kama tunavyoijua kroasanti sasa, ni ufundi ambao Wafaransa waliuongeza baadaye.

Kama unajali halali, hofu yako iweke inapostahili. Jambon ni paja la nguruwe, nalo limo katika sandwichi maarufu kuliko zote za bekari. Lardons ni vipande vya nguruwe pia, vimejificha ndani ya pai za chumvi. Keki iitwayo baba au rhum imelowekwa pombe. Mkate na kroasanti ya siagi huulizi mara mbili.

Wapo pia wanaoamini bageti ni ya kale sana, eti Napoleon aliagiza mkate mrefu ili askari wautie kwenye suruali. Mikate mirefu ilikuwepo kabla, lakini jina bageti kwa mkate huu limeenea tangu 1920 tu. UNESCO iliutambua ufundi wake mwaka 2022.

“Mkate wa Kifaransa halisi huokwa na Mfaransa wa asili”

Jiji la Paris limekuwa likiandaa shindano la bageti bora ya tradition tangu 1994. Mshindi anapata yuro 4,000 na anapeleka mkate ikulu ya Élysée kwa mwaka mzima. Djibril Bodian, mwenye asili ya Senegal, alishinda 2010, akashinda tena 2015. Mwaka 2021 alishinda Makram Akrout kutoka Tunisia, na 2023 Tharshan Selvarajah kutoka Sri Lanka. Majaji wanapewa mikate isiyo na majina. Nilipomwambia kijana mmoja wa Tanga anayejifunza uokaji habari hizi, alinitaka nimwandikie majina hayo kwenye karatasi.

“Utakaa na kahawa yako kutwa”

Bekari ya jadi haina viti. Unanunua, unaondoka. Siku hizi nyingi zimeweka meza chache, na utaulizwa sur place au à emporter, unakula hapa au unabeba. Bei inaweza kutofautiana kwa sababu ya kodi. Anayetaka kukaa anakwenda kwenye mkahawa, na hapo kahawa ya kusimama kaunta kwa kawaida ni nafuu kuliko ya mezani. Ukisema un café utaletewa kikombe kidogo cha kahawa chungu, ambacho mtu aliyezoea kahawa ya kibarazani haoni ugeni wowote.

“Uliobaki weka kwenye friji”

Hili ndilo kosa linalofanywa hata na wanaoujua mkate. Mkate hauwi mgumu kwa kukauka tu. Wanga uliolainika tanurini unaanza kujipanga upya na kukakamaa, na ubaridi wa friji unaiharakisha kazi hiyo. Mfuko wa plastiki nao unalifanya ganda liwe kama ngozi. Bageti iache kwenye karatasi yake, uile siku hiyo hiyo. Ukitaka kuihifadhi, ikate uigandishe kwenye friza ingali mpya ya asubuhi, kisha uipashe kwenye oveni. Hapo friza ni halali, maana imeshakuwa jikoni kwako.

Ya jana haitupwi. Wanaiita pain perdu, mkate uliopotea. Dada yangu anaikata vipande vinene, anavilowesha katika mayai na maziwa yenye hiliki, anavikaanga kwa siagi, watoto wanavila wima wakiwa tayari na mabegi mgongoni. Kisha mimi nashuka ngazi kwenda kununua ya leo.