Foniksi ni nini? Mtoto akisoma "samaki" pasipoandikwa samaki

Mpwa wangu yuko Gredi ya 1 hapa Kisumu. Juzi jioni alikuwa anatusomea huku mimi na mama yake tukichambua omena. Kitabuni palikuwa na mchoro wa mwanamke sokoni ameshika samaki, na chini yake sentensi moja: "Mama ananunua mbuta." Akasoma bila kusita: "Mama ananunua samaki." Mama yake akampigia makofi. Mimi nikauchungulia ukurasa. Sentensi nzima haina s hata moja.

Hakuwa anatudanganya. Alitazama mchoro, akakisia, na kwa kuwa mbuta ni samaki, maana haikwenda mbali. Ila neno lile la mwisho hakulisoma. Alichohitaji hapo ndicho walimu wengi wanachokiita foniksi: njia ya kufundisha kusoma inayoanza na sauti za herufi. Mtoto anaona herufi, anatoa sauti yake, anaunga sauti hiyo na ya jirani yake, mpaka neno lisikike. Wengine huichanganya na fonetiki, lakini hiyo ni taaluma ya sauti za lugha, inasomwa chuo kikuu. Foniksi ni ya Gredi ya 1, na ya mkekani nyumbani.

Sisi tuliosoma enzi za 8-4-4 wengi tulianza na majina ya herufi: ei, bii, sii, dii. Majina yana kazi yake, lakini hayamfikishi mtoto kwenye neno. Jaribu leo. Mwambie "em, ei, em, ei", umwulize ni neno gani. Atakukodolea macho. Sasa vuta sauti zenyewe: "mmmaaa, mmmaaa." Atakuitikia kabla hujamaliza. Mradi wa Tusome, ulioenezwa nchini kote mwaka 2015, ulifundisha kusoma Kiswahili na Kiingereza kwa kuanzia sauti hizi, ndiyo maana mtoto anarudi nyumbani akinguruma "mmm" na mzazi anamsahihisha "sema em!" Hapo mzazi ndiye anayepoteza njia.

Kiswahili kinatuhurumia sana katika hili. Irabu ni 5, na kila moja ina sauti ileile popote uikutapo. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti zipatazo 44, kwa hiyo a ya neno hili siyo a ya neno lile. Mtoto wetu anajifunza lugha zote mbili kwa pamoja, na akichanganya i na e ujue hiyo ndiyo sababu, usimwite mzito. Kinachohitaji subira kidogo upande wa Kiswahili ni herufi mbili zinazotoa sauti moja, kama sh, ch, th, dh, gh na ny, pamoja na ng'. Mtoto anayeongea Dholuo nyumbani ana ny na ng' mdomoni tayari. Anachojifunza ni sura yake tu kwenye karatasi.

Ila Dholuo haina sh wala z. Hapo ndipo wazazi wengi wa huku huingiwa na wasiwasi: mtoto anaona "shati" anasema "sati", anaona "zawadi" anasema "sawadi". Kwa maoni yangu huyo amesoma. Ameitambua herufi, ulimi wake ndio umeifuata njia ya nyumbani, nao utazoea taratibu. Anayenitia wasiwasi ni yule anayetazama "shati" na kusema "nguo".

Mazoezi yenyewe hayadai kitabu wala pesa. Anzia masikioni, bila herufi yoyote, wakati ugali unasongwa: "Kuku linaanza na sauti gani? Toa sa kwenye sato, kunabaki nini?" Nyanya asiyejua kusoma anaweza kuifanya sehemu hii vizuri kuliko mwalimu mwenye darasa la watoto sitini. Ukifika kwenye herufi, tanguliza zile unazoweza kuzivuta kama m, s, l na n. Sauti ya b au t ukijaribu kuivuta inakukatikia mdomoni, kwa hiyo iunge na irabu mara moja: ba, ta. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Akianza kupiga miayo, funga.

Kuhusu "ba, be, bi, bo, bu" inayoimbwa darasani, sina ugomvi nayo, lakini mtoto anaweza kuiimba yote akitazama dirishani. Ziandike kwenye vifuniko vya soda, uvitikise, uvimwage chini, aokote kimoja asome. Ukitaka uhakika zaidi, mpe maneno yasiyokuwepo. Uingereza tangu 2012 watoto wa miaka sita hivi wanapimwa kwa maneno 40, na nusu yake hayana maana yoyote, makusudi, ili kumbukumbu na kubahatisha visiwasaidie. Sisi kwetu tuna "lomu", "teki" na "fepo". Mpwa wangu ameamua Fepo ni jina la paka wa jirani.

Endelea pia kumhadithia na kumsomea, maana foniksi inafungua neno lakini haimwambii maana yake. Hilo linatoka kwenye mazungumzo.

Jioni ile sikumwambia amekosea. Nilifunika mchoro kwa kiganja, nikaziba "ta" kwa kidole, nikamwachia "mbu". Akavuta: "Mmm... mbu!" Akacheka, kwa sababu walikuwa wanatuuma kweli. Nikaondoa kidole. "Ta." Akanyamaza, akairudia kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. "Mbuta!"

Akausogeza mkono wangu, akautazama mchoro upya kwa muda, uso umekunjamana.

"Mbuta gani mdogo hivi?"