"Atanitwisha nani?" Maana ya kujifunza kwa kuhudumia jamii katika ubunifu majengo

Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa pili amechora kizimba cha maji kwa ajili ya mtaa mmoja wa Vingunguti, Dar es Salaam. Paa limeinuka upande mmoja kama bawa, nguzo nyembamba, sakafu ya zege imelazwa vizuri kuelekea mtaroni. Anautandaza mchoro kwenye meza ya ofisi ya serikali ya mtaa, anaamkia, anaeleza. Mama mmoja anaweka kidole pale bomba lilipo, juu kidogo tu ya sakafu. "Mwanangu, ndoo ikishajaa hapa chini, atanitwisha nani?"

Ndoo ya lita 20 ikijaa inapita kilo 20. Ikiwa chini, lazima apatikane mtu wa pili wa kukuinulia. Ikiwa juu ya benchi la zege linalokaribia kifua, unainama kidogo, unaiburuta na kujitwisha mwenyewe. Kijana anarudi chuoni na kuongeza benchi, na benchi linamharibia mchoro wote: bomba linapanda, paa linapanda, nguzo nyembamba hazifai tena. Halafu kuna watoto wanaotumwa na vidumu vya lita 5, ambao hawalifikii bomba la juu. Basi na bomba la pili, la chini.

Hapo ndipo ilipo maana ya kujifunza kwa kuhudumia jamii. Ni namna ya kufundisha ambayo kazi inayowafaa watu ndiyo somo lenyewe. Ina mwalimu, ina maksi, ina nafasi kwenye ratiba, na mwanafunzi analazimika kukaa chini baadaye na kuandika alichojifunza na alipokosea. Ukiondoa huduma, hakuna cha kusomea. Ukiondoa somo, kunabaki kujitolea, ambako ni jambo jema lakini ni jambo jingine.

Watu huichanganya na fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Anayekwenda fildi kwa mkandarasi anajifunza kwelikweli, ila anamtumikia mkandarasi, na swali la kazi limetoka kwa mkandarasi. Wengine husema ni msaragambo tu, ule wa kutoka wote na majembe kuchimba mfereji. Kwenye msaragambo waliotoka wanaijua kazi tayari. Huku mgeni ndiye mwanafunzi, na wenyeji, wapende wasipende, ni sehemu ya walimu wake.

Jina la dhana hii lilizaliwa Marekani miaka ya 1960. Kwetu Tanzania wazo lenyewe si geni: sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba na karakana, na mwanafunzi ajifunze kwa kuzalisha. Wengi tuliopita shule za msingi tunajua shamba lile liliishia wapi. Umechelewa namba? Kalime. Jembe lilikuwepo, lakini hakuna aliyetuuliza jioni tumejifunza nini kuhusu udongo.

Mwaka huohuo wa 1967, chuo cha Yale cha Marekani kilianza kuwataka wanafunzi wake wa ubunifu majengo kujenga jengo halisi kwa ajili ya jamii. Mfano unaotajwa zaidi ni Rural Studio, programu ya ubunifu majengo ya Chuo Kikuu cha Auburn, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Samuel Mockbee na D. K. Ruth katika Hale County, eneo maskini la vijijini huko Alabama, Marekani. Nguvu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba ilihamia huko na haikuondoka. Mwanafunzi anayejenga leo anaweza kwenda kuona paa la wenzake waliomtangulia linavuja wapi.

Dar es Salaam tuna kitu cha jirani na hicho. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenda kata zinazokumbwa na mafuriko, wakatembea na wakazi wakichora njia, mitaro na nyumba kwenye ramani ya wazi ya mtandaoni. Hawakujenga ukuta hata mmoja. Lakini aliyetembezwa uchochoroni na mkazi anayejua mtaro gani huziba kwanza, amepata somo ambalo picha ya satelaiti haina.

Sasa, kati ya chuo na mtaa kuna mhusika wa tatu: asasi isiyo ya kiserikali (NGO). Inaingilia wapi? Chuo kina kalenda yake na mtaa una yake. Muhula ni wiki 15 hivi. Anayetembelea eneo Januari hukuta vumbi na kuchora kwa ajili ya vumbi. Masika hushuka kati ya Machi na Mei, na pengine yeye wakati huo ameshahamia mradi mwingine. Mtihani ukikaribia, simu ya mwenyekiti wa mtaa haipokelewi. Lazima awepo mtu katikati, asiyefunga chuo. Mara nyingi huwa ni asasi changa: wahitimu wachache waliosoma darasa moja, kompyuta mpakato mbili, usajili wa NGO, na katiba waliyoiandika usiku.

Kazi yao haina mvuto. Kuhudhuria mkutano wa mtaa na kungoja ajenda yao ifike. Kutafuta bei ya nondo na kokoto. Kumpata mbunifu majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, akubali kuupitia mchoro wa mwanafunzi na kuubeba kitaaluma, maana mwanafunzi hana mhuri. Kufuatilia kibali manispaa. Na kurudi baada ya mvua ya kwanza kuona zege limepasuka au la.

Uchanga una hatari yake. Asasi inayohitaji wafadhili inahitaji picha, na benchi la kutwishia halipigi picha vizuri kama paa lenye bawa. Nikitaka kujua mradi umekaaje, huuliza ufunguo wa jengo unashikwa na nani, na bomba likikatika nani ananunua jingine. Wenye mradi wakianza kutazamana, nimeshajibiwa.

Linabaki suala la maksi, na hapa walimu wenyewe huvutana. Tuseme kikundi kimetumwa kubuni ukumbi wa mikutano. Baada ya wiki 6 za kuwasikiliza watu kinarudi na kusema ukumbi hauhitajiki. Wakazi wanataka mtaro wa mita 40 ufunikwe kwa vipande vya zege vinavyonyanyuliwa na watu wawili, ili uweze kusafishwa kabla ya masika. Mchoro wote ni karatasi moja. Mwalimu mmoja atawapa A, mwingine atauliza ubunifu uko wapi.