Hati ya dharura ni kitu gani?

Mwaka 2017, tanzanite ikiwa bado inauzwa jirani na Mnara wa Saa hapa Arusha, broka mmoja kijana alinikuta kwenye benchi la kahawa. "Mzee, hii hati ya dharura wanayoilalamikia wapinzani bungeni ni nini? Si sheria ni sheria tu?" Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa, ndani yake punje tatu za bluu, ghafi. Nikamwambia swali lake analo hapo kiganjani.

Kwa kawaida muswada wa serikali hauna haraka. Unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati, wadau wanaitwa watoe maoni, kisha unarudi ukumbini kujadiliwa na kupitiwa kifungu kwa kifungu. Wiki zinapita, pengine miezi. Hati ya dharura ni karatasi yenye saini ya Rais inayosema kwamba muswada huu hauwezi kungoja. Hatua ni zilezile, ila zinabanwa, na kinachobanwa kwanza ni muda wa kusoma.

Mwishoni mwa Juni mwaka huo, serikali ya Magufuli haijatimiza miaka miwili na sakata la makinikia, ule mchanga wa madini uliozuiwa kusafirishwa nje, limepamba moto, miswada mitatu ya rasilimali na madini ilitua Dodoma kwa hati hiyo. Wiki ya kwanza ya Julai haijaisha, yote ilikuwa imepita. Mrabaha wa dhahabu, yaani sehemu ya thamani ya madini inayolipwa serikalini, ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, wa vito kutoka 5 hadi 6, na serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi mikubwa.

CCM walisema tunaibiwa, kila siku ni hasara. Upinzani ukajibu kwamba sheria nzito namna ile haipikwi kwa siku chache, na mbunge wao Tundu Lissu akawa anaonya kuhusu kesi za kimataifa. Mitaani walioyasema hayo waliitwa watetezi wa wezi. Mimi niliona wanaonewa, ingawa nakiri wapinzani wetu nao wakati mwingine hupinga hata salamu. Na hati yenyewe haikuanza na Magufuli: Julai 2015, chini ya Kikwete, miswada ya mafuta na gesi ilipita hivyohivyo, wabunge wa upinzani wakipiga kelele.

Kipo kipengele kimoja ambacho vijiweni hakikuzungumzwa kabisa. Marekebisho yale yalifuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini, yaani za kushikilia eneo bila kulichimba kwanza, na kanuni za Januari 2018 zikazifuta hata zile zilizokwishatolewa. Kampuni ya Indiana Resources ya Australia ikashtaki, na mwaka 2023 baraza la usuluhishi likaiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 100.

Kijana wangu hayo ya kuhodhi yasingemhusu. Yeye alitaka kujua habari ya ile asilimia moja iliyoongezeka. Alikunjua karatasi, akazitazama zile punje, akaikunja tena.

"Kwa hiyo hata mimi ni mdau?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona sikuitwa?"

Nikamwagizia kahawa.