Je, wajua kwa nini maziwa yaleyale humvuruga mtu mmoja tumbo na mwenzake akasalimika?

Watu wawili wanaweza kunywa maziwa yaliyochotwa katika sufuria moja, na baada ya saa moja mmoja akawa anaendelea na shughuli zake huku mwenzake anasikia tumbo likiunguruma, likijaa gesi na hatimaye likimkimbiza msalani. Lawama huangukia maziwa: ama yametiwa maji machafu, ama hayakuchemka vizuri. Huenda ikawa kweli mara moja moja, lakini hali hiyo ikimrudia mtu yuleyule kila anapokunywa maziwa, huku wenzake wakiwa salama, chanzo kitafutwe ndani ya utumbo wake mwenyewe.

Maziwa ya ng'ombe yana sukari ya asili iitwayo laktosi, na bilauri ya mililita 250 hubeba takriban gramu 12 za sukari hiyo. Laktosi imeundwa na sukari mbili ndogo zaidi, glukosi na galaktosi, zilizoshikana, na ikiwa bado imeshikana hivyo mwili hauwezi kuifyonza. Kazi ya kuitenganisha hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachokaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Kimeng'enya hicho kikiwa kichache, laktosi hupita nzima hadi utumbo mpana, na huko hutokea mambo mawili kwa pamoja: sukari hiyo huvuta maji na kuyazuia ndani ya utumbo, jambo linalolainisha choo hadi mtu akaharisha, na bakteria waishio humo huichachua wakitoa haidrojeni, kaboni dioksidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Gesi hizo ndizo zinazolifanya tumbo livimbe na kunguruma. Kwa kawaida dalili huanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa.

Karibu kila mtoto mchanga huzaliwa na laktasi ya kutosha, kwa kuwa maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko hata ya ng'ombe. Baada ya kuachishwa kunyonya, kiasi chake hupungua polepole, na inakadiriwa kwamba takriban theluthi mbili ya watu duniani hufikia utu uzima wakiwa nayo kidogo. Kwa hiyo asiyeyaweza maziwa hana upungufu wa ajabu. Yuko upande wa walio wengi, na anayeyanywa kwa wingi hadi uzeeni bila shida ndiye anayehitaji kuelezwa.

Sehemu ya maelezo hayo ilipatikana huku kwetu. Mwaka 2007 mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha utafiti uliohusisha watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walitumia kipimo rahisi ambacho kingeweza kufanyika hata kijijini: mtu alikunywa maji yaliyokorogwa laktosi, kisha akatobolewa kidole mara kadhaa ili kupima sukari katika damu. Sukari ikipanda, maana yake laktosi imekatwa na kufyonzwa. Isipopanda, imepita bila kuguswa. Katika vinasaba vya wengi walioyaweza maziwa, hasa wa jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania, watafiti walikuta badiliko linaloiacha laktasi iendelee kutengenezwa ukubwani, nalo ni tofauti na lile lililokwisha kutambuliwa kwa watu wa Ulaya. Wafugaji wa Afrika Mashariki na wale wa Ulaya walifikia uwezo uleule kwa njia mbalimbali, kila mmoja kwa mifugo yake. Hata hivyo, kuzaliwa katika jamii ya wafugaji si hakikisho. Ndani ya ukoo mmoja watu hutofautiana.

Wapo wanaoamini kwamba maziwa yakichemshwa sana hayatawasumbua. Kuchemsha ni lazima, kwa sababu huua vijidudu, vikiwemo vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, lakini laktosi hubaki ileile. Kinachosaidia kweli ni kiasi na namna ya kuyanywa. Watu wengi wenye laktasi kidogo huvumilia bilauri moja, hasa wakiinywa pamoja na chakula badala ya kuimimina tumboni kukiwa kutupu, na maziwa kidogo ya kwenye chai huenda yasiwasumbue kabisa. Mtindi, ambao wengine huuita maziwa mgando au maziwa lala, huvumilika zaidi: bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na mara nyingi wale walio hai huendelea kuikata hata wakiwa ndani ya utumbo. Samli karibu haina laktosi kabisa. Sioni sababu, basi, ya mtu kuyapiga marufuku maziwa yote nyumbani kwa ajili ya bilauri moja iliyomwendesha. Anayeamua kuyaacha na atafute kalisi kwingine, na dagaa wanaoliwa na miiba yao ni chanzo kizuri.

Ili kujua kama maziwa ndiyo tatizo, mtu anaweza kuyaacha kwa wiki mbili, kisha akayarudia kwa kiasi kidogo huku akiangalia tumbo linavyokwenda. Dalili zikiendelea hata bila maziwa, mtuhumiwa ni mwingine. Huenda ni maharage, huenda ni giardia, kimelea kinachosababisha gesi na choo chenye harufu kali, nacho hugunduliwa kwa kupima choo. Tusichanganye pia hali hii na mzio wa maziwa, ambao huweza kumtoa mtu vipele, kumvimbisha midomo au kumbana pumzi hata kwa maziwa kidogo, na huhitaji matibabu ya haraka.

Kuna hali nyingine ya kupita. Ugonjwa wa kuharisha unaweza kuuchubua ukuta wa utumbo mwembamba na kupunguza laktasi kwa muda, hivyo mtu aliyezoea maziwa akayaona yanamsumbua kwa siku au wiki kadhaa baada ya kupona, kisha hali ikarejea yenyewe. Mama asimwachishe mtoto kunyonya kwa hofu hiyo. Aendelee kumnyonyesha huku akimpa ORS na zinki kama alivyoelekezwa kituoni. Choo chenye damu, homa kali, kupungua uzito, kuharisha kunakomwamsha mtu usingizini, au mtoto aliyelegea, mwenye macho yaliyoingia ndani na asiyekojoa, si mambo ya laktosi ya kujaribiwa nyumbani, na mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.