Valvu yako mwenyewe kwa moyo wako: inakaguliwaje, na nani inamfaa?

Maswali haya yameanzia kwa mama mmoja wa Ujiji. Kijana wake ana miaka 19, siku hizi hawezi kupanda kutoka mwaloni hadi nyumbani bila kusimama mara mbili tatu kuvuta pumzi. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kimeonyesha valvu ya aota, mmoja wa milango ya moyo, inavuja sana. Alipofikishwa Dar es Salaam aliambiwa kuna njia tatu: valvu ya chuma, valvu ya mnyama, au kuhamisha valvu nyingine ya moyo wake mwenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomkosesha mama usingizi. Majirani na wagonjwa wengine wakaongeza ya kwao.

Daktari, valvu nzima inang'olewaje na kupelekwa kwingine? Ilikotoka si panabaki wazi?

Moyo una valvu nne, au milango minne kama wengi tunavyosema. Ya aota inatoa damu kwenda mwilini, ya mapafu inatoa damu kwenda mapafuni. Hizi mbili zimeumbwa karibu sawa, kila moja ina vipande vitatu vyembamba vinavyofunguka na kukutana katikati. Daktari Donald Ross, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi London, ndiye aliyeanzisha upasuaji huu mwaka 1967: anatoa ya aota iliyoharibika, anahamishia pale ile ya mapafu iliyo nzima.

Panapobaki wazi huwekwa valvu ya binadamu aliyefariki, iliyotolewa kwa ridhaa na kuhifadhiwa kwenye baridi kali katika benki ya tishu. Isipopatikana, hutumika ya mnyama. Kwa hiyo, mama, lielewe hili mapema: kijana anaingia na ugonjwa wa valvu moja, anatoka na valvu mbili za kufuatiliwa maisha yake yote. Ni sawa na kung'oa bati zima la jikoni ukaezekee nyumba kubwa. Nyumba kubwa itapona mvua, lakini jikoni nako sasa kunataka bati, na kabla ya kupanda juu inabidi uwe na hakika kwamba lile la jikoni kweli ni zima.

Sasa faida yake nini, kama matatizo yanakuwa mawili?

Faida ipo, na kwa mtu wa umri wake ni kubwa. Valvu ya chuma inadumu sana, ila inamfunga mtu na wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku mpaka mwisho wa maisha, pamoja na kipimo cha mara kwa mara cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Valvu ya mnyama haihitaji wafarini ya muda mrefu, lakini huchakaa, na kadiri mtu alivyo kijana ndivyo inavyochakaa haraka. Ya kwake mwenyewe ni tishu hai. Haihitaji wafarini, damu inapita vizuri, na kwa mtoto inakua pamoja naye, jambo ambalo valvu nyingine haiwezi. Msichana anayetarajia kuzaa hunufaika pia, maana wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo.

Watajuaje kwamba valvu ya mapafu inafaa kuhamishwa?

Hili ndilo swali lenyewe, na ukaguzi hufanyika mara mbili: kabla ya kisu, na baada ya kifua kufunguliwa.

Ukaguzi wa kwanza ni eko. Kijana analazwa kwa ubavu wa kushoto, anapakwa jeli ya baridi, kisha mtaalamu anabana kifaa katikati ya mbavu na kutafuta picha. Tabu ni kwamba valvu ya mapafu imekaa mbele, karibu na ukuta wa kifua, na hewa ya mapafu huiziba. Mara nyingi vipande viwili vinaonekana, cha tatu kinakisiwa. Ndiyo maana ripoti yenye mstari mmoja tu, "valvu ya mapafu: kawaida", haitoshi kwa uamuzi mzito kama huu. Inatakiwa iseme ina vipande vingapi, inavuja kiasi gani, na upana wa shina lake ni milimita ngapi ukilinganisha na shina la aota. Kuvuja kidogo sana hukutwa hata kwa watu wazima wa afya. Kuvuja kwa kiasi cha kati au zaidi kunaifuta valvu hiyo kwenye orodha. Picha ikiwa na utata, mgonjwa huongezewa CT skani au MRI.

Tofauti ya upana si jambo dogo. Shina la aota likiwa limetanuka kuliko la mapafu, vipande vilivyohamishwa vitavutwa kwa pembeni na havitakutana katikati, na kijana atarudi kwenye kuvuja kulekule. Daktari anaweza kulibana shina la aota au kulizungushia mkanda wa kitambaa maalumu, lakini inabidi ajue mapema.

Pia wanamkagua mtu mwenyewe, si valvu peke yake. Mwenye ugonjwa wa kurithi unaolegeza tishu, kama sindromu ya Marfan, hafai, kwa sababu ukuta wa valvu yake ya mapafu ni dhaifu vilevile hata kama picha inapendeza. Wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, kwa kawaida nao hushauriwa njia nyingine.

Ukaguzi wa pili unafanyika moyo ukiwa umesimamishwa na mashine inasukuma damu. Daktari anaukata mshipa wa mapafu kwa kuukingama, juu kidogo ya valvu, anachungulia. Anahesabu vipande. Vikiwa viwili au vinne badala ya vitatu, anaiacha. Anainua kimoja kimoja kutafuta matundu. Vitundu vidogo pembeni kabisa, karibu na vipande vinapoungana, vinavumilika. Tundu kubwa, au lililo kwenye sehemu inayogusana na mwenzake, halivumiliki. Akiridhika ndipo anaanza kuichomoa pamoja na ukuta wake, taratibu sana, kwa sababu nyuma yake unapita mshipa mdogo unaolisha ukuta wa katikati ya moyo. Akiukata huo, mgonjwa anapata shambulio la moyo palepale mezani.

Na wakifungua wakakuta haifai?

Basi wanaweka valvu nyingine siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, kijana aulizwe: mpango wa kwanza ukishindikana, anataka ya chuma au ya mnyama? Jibu liandikwe. Nimeona familia zikitia saini zikidhani jambo limeshaamuliwa, kisha mtu anazinduka na kusikia saa ndani ya kifua chake bila kutarajia, maana valvu ya chuma hulia tiki tiki. Na mwulizeni daktari, kwa adabu tu, yeye na timu yake wamefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi. Si utovu wa heshima. Matokeo yake hutegemea sana mkono uliouzoea.

Kuna mtu kaniambia valvu hiyo "hupasuka" baadaye kwa presha. Kweli?

Haipasuki, hutanuka. Upande wa mapafu ilizoea msukumo wa juu wa karibu 25, upande wa aota inakutana na karibu 120. Ukuta wake unaweza kupanuka pole pole kwa miaka, ukaanza kuvuja, ikabidi upasuaji mwingine. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wale ambao valvu yao ya aota ilikuwa inavuja kuliko wale ambao ilikuwa imesinyaa na kuziba. Kijana wetu yumo kwenye kundi la kwanza, na ningependa mama alitaje hilo kwa jina mbele ya daktari wa upasuaji. Baada ya operesheni, hasa miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, presha hushikwa kwa ukali ili ukuta upate kuzoea.

Mimi ni wa Kasulu, valvu yangu mbovu ni ya mitrali. Naweza kupata hii?

Kwa kawaida hapana, dada. Upasuaji huu ni wa valvu ya aota. Yako, ya mitrali, ni mlango wa kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo; hiyo wanaanza kuangalia kama inaweza kurekebishwa au kupanuliwa kwa puto kabla ya kufikiria kuibadilisha.

Nimesikia wanashona valvu kwa utando wa moyo wa mgonjwa. Ndiyo hii?

Hiyo ni nyingine. Ilianza Japani mwaka 2007 kwa Daktari Shigeyuki Ozaki: utando unaozunguka moyo hukatwa, hulowekwa kwenye dawa ya kuukaza, hushonwa kuwa vipande vitatu vya aota. Valvu ya mapafu haiguswi, ambayo ni nafuu. Ila utando huo haukui na mtoto.

Akiwekewa ya chuma, ataishije huku Kigoma?

Swali hili lingetakiwa kuulizwa mapema kuliko yote. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Huwezi kupanda treni kila mwezi kwa ajili ya INR. Kabla ya kuchagua, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni uulize kama kipimo hicho kinafanyika mfululizo, si siku vitendanishi vikiwepo tu. Jibu lake lina uzito katika kuchagua valvu.

Chakula hakina makatazo makali. Sombe (kisamvu) aendelee kula, lakini kwa kiasi kilekile kila wiki. Asimalize sufuria leo kisha akae mwezi bila jani, kwa sababu majani ya kijani yana vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini. Mawese hayana neno. Tahadhari kubwa iko duka la dawa: septrini na metronidazo, dawa za maambukizi, huipandisha nguvu wafarini, na diklofenaki ya maumivu huongeza hatari ya kuvuja damu. Kila anapouziwa dawa aseme kwanza, "natumia wafarini".

Akiwekewa ya kwake mwenyewe, zile sindano za kila mwezi za kuzuia homa ya baridi yabisi zinaisha?

Haziishi. Valvu yake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanzia kwenye maambukizi ya koo, na homa hiyo ikirudi itaishambulia hata ile iliyohamishwa, maana nayo ni tishu yake. Hii ndiyo sababu madaktari wengine husita kumfanyia upasuaji huu kijana mwenye ugonjwa huo, hasa kama mitrali nayo imeguswa. Sindano ya benzathini penisilini, yuniti 1,200,000, iendelee kila baada ya wiki 3 au 4 kama alivyopangiwa, na kwa aliyepasuliwa valvu mara nyingi ni mpaka afikishe umri wa miaka 40 au zaidi. Tarehe yake ikiangukia akiwa safarini Dar es Salaam, abebe kadi ya kliniki, achomwe hukohuko.